Risala ya Watu wa Ng'ambo

Elibariki alinipigia simu nikiwa napepeta mchele, akasema mama ametutoka na kwamba wanampandisha. Hakusema wanamsafirisha, wala hakusema wanakwenda kumzika. Alisema wanampandisha, na mimi niliyewahi kuishi nao nikaelewa: jeneza litatoka Maore, tambarare, lipande mlima hadi ng'ambo ya korongo, mahali ambapo hajaishi mtu tangu mimi ni msichana. Nilimpa pole, nikaweka simu chini, nikarudi kwenye ungo wangu. Kusema kweli nilichoka kabla ya safari. Nina umri wa kuletewa habari, si wa kuzifuata, na magoti yangu yalishaagana na milima zamani. Lakini Mama Nakiete hakuwa mtu wa kuliliwa kwa simu. Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi kutoka Morogoro, nimeegemeza kichwa kwenye kioo, nikiwaza neno moja ambalo limenichosha maisha yangu yote ya ualimu. Neno lenyewe ni mbali.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao redio haikuwa na habari nyingine isipokuwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikapangiwa Upare, watoto asubuhi na watu wazima alasiri. Wenzangu waliokuwa wakirudi Mwanza kwetu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nilishuka Same jioni yenye upepo, ule upepo wa Same unaokuletea mchanga hadi kwenye meno, nikalala chumba cha wageni ambacho ukuta wake wa mbao haukuzuia hata kikohozi. Upande wa pili makarani wawili walikuwa wanakula, nikasikia mmoja akiuliza yule binti mwalimu wamempeleka wapi. Kule juu, akajibiwa. Masikini, akasema wa kwanza, kule ni mbali, hatamaliza mwaka. Kisha wakahamia kwenye habari ya nyama, kwamba leo ni mifupa mitupu. Nililala nimekumbatia sanduku langu, nikiwa nimeshaogopa mahali nisipopajua kwa sababu ya watu wawili waliokuwa wanalalamikia mchuzi.

Siku iliyofuata nilipanda lori la ushirika, tukapita Kisiwani, vumbi jekundu, mlima mkono wa kuume na nyika isiyo na mwisho mkono wa kushoto. Maore niliuziwa ndizi mbivu na mama mmoja aliyeniambia nisihofu, wao hapo si mbali, mbali ni huko mlimani. Nikapanda mlima kwa miguu na wachukuzi wa ushirika, nikafika kijiji kikubwa chenye kanisa na duka, na mwalimu mkuu akaniambia, kwa fahari kidogo, kwamba hapo si mbali hata kidogo, mbali ni ng'ambo, na ng'ambo ndiko nitakakolala kwa kuwa nyumba ya walimu imejaa. Kila nilipofika, mbali ilikuwa imeshasogea mbele. Tukashuka korongo, tukavuka mto kwa gogo, tukapanda tena, na mlangoni pa nyumba ya udongo akatoka mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. Akanipokea sanduku. Pole mwanangu, alisema, umetoka mbali. Nilipokwisha kukaa akaniuliza Mwanza ni upande gani, nikamwonyesha, akatazama huko muda mrefu, akatikisa kichwa. Huko ndiko mbali, akasema. Basi nikajua kwamba ile mbali niliyokuwa nikiifuata tangu Same nilikuwa nimeibeba mwenyewe.

Kitongoji kile kiliitwa Ng'ambo. Jina walipewa na watu wa kijiji kikubwa, kwa sababu ukisimama kanisani wao wako ng'ambo ya korongo. Wenyewe, wakisimama kwao, walikiita kijiji kikubwa ng'ambo vilevile, lakini ng'ambo yao haikuandikwa popote. Ya kanisani ndiyo iliyofika Same na kuingia katika ramani. Nimeishi miji kadhaa tangu hapo, na nimeona mitaa mingi iliyobatizwa namna hiyo na waliosimama upande wa pili.

Chumba changu kilikuwa nusu changu, nusu cha mazao. Magunia ya kahawa yalisimama ukutani, iliki ilianikwa kwenye mkeka wa ukili juu ya kichwa changu, na hadi leo nikinusa iliki kwenye chai ya mtu hurudi kwenye kitanda kile cha kamba. Dirisha lilikuwa dogo, likitazama migomba nyuma ya nyumba. Chini ya migomba palikuwa na kaburi fupi lililozungushiwa mawe na masale, ule mmea wa majani marefu wanaoupanda makaburini. Pale alilala Nakiete, kifungua mimba, aliyeugua usiku mmoja wa masika na kufia mabegani mwa wanaume waliokuwa wakimkimbiza hospitali ya Gonja. Mama yake aliitwa kwa jina lake kutwa nzima: Mama Nakiete leta chumvi, Mama Nakiete hujambo. Niliwahi kumwuliza kama hapendi tuseme Mama Elibariki, kwa jina la huyu wa mgongoni. Alikuwa anachambua maharage ya makande, hakuinua uso. Nikiitwa hivyo, alisema, yule nani atamtaja?

Tulikula makande karibu kila jioni, yamechemka tangu mchana, na siku njema yakawa na maziwa. Majirani walikuja kuota moto, wakazungumza Chasu ambacho nilikipata nusunusu, na mazungumzo yao mengi yalikuwa ya maji: nani atafungua ndiva alfajiri, zamu ya nani imerukwa. Ndiva ni bwawa lao la kukusanya maji ya kumwagilia, wazee wao walilichimba kwa mikono, na ukiwa na zamu ya maji hapo wewe ni mtu. Likiharibika, hupigwa pembe ya msaragambo, na kila mwenye nyumba huchukua jembe akatoka. Hapana aliyelipwa na hapana aliyekataa. Mimi mwenyewe nilibeba tope, nikachekwa jinsi ninavyolibeba.

Alasiri darasa la watu wazima lilikaa katika banda la kupokelea kahawa. Walikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, na mkubwa wao alikuwa Mzee Eliamani, mpiga pembe, ambaye alisoma kwa sauti ya kuhubiri hata pale neno lilipokuwa ni kuku. Sijui ilianzaje, nadhani ni mimi na upweke wangu, lakini tulijikuta kila siku tunachambua maneno ya umbali. Neno karibu, lenye maana mbili, sitaligusa, kila mgeni wa Kiswahili ameshaligusa. Tulianza na nyika. Kwao nyika ilikuwa huko chini kwenye joto, na mume wa Mama Nakiete, aliyekuwa kibarua wa mkonge na kuonekana kwa nadra, akiulizwa aliko jibu lilikuwa nyikani. Nikawaambia kwamba watu wa pwani waliita nyika kila kilichokuwa nyuma ya migongo yao, milima hii ikiwemo, na wapo wanaosema hata jina la nchi yetu la zamani, Tanganyika, limeimeza nyika hiyo. Darasa zima liliangua kicheko. Mzee Eliamani akataka kujua, kama ni hivyo, sisi ni nyika ya nani. Nimezunguka sana tangu siku ile na sijakutana na mtu anayekiri kwamba anaishi nyikani. Nyika ni kwa mwingine siku zote.

Pembezoni walilipenda, kwa kuwa pembe waliijua, ya nyumba na ya shamba, na waliona ni neno la watu waliosoma. Ughaibuni niliwaeleza kuwa limetoka kwa Waarabu, kwamba ghaibu ni kile kisichoonekana kwa macho, na aliyekwenda ng'ambo ya bahari ameitwa hivyo kwa sababu humwoni. Mama Nakiete aliacha kuandika. Alisema taratibu, kama anayejisemea, kwamba basi mtu anaweza kuwa ghaibu na yuko nyuma ya nyumba. Mimi nilifuta ubao mapema siku hiyo. Mzee Eliamani ndiye aliyeleta kipimo chao wenyewe. Kwao, alisema, hawakupima kwa maili wala kwa saa. Aliyesikia pembe ni jirani. Asiyeisikia yuko mbali, hata kama unamwona moshi wake. Na pembe ikipigwa kijiji kikubwa, Ng'ambo waliisikia hadi jikoni.

Kabla mwaka haujaisha darasa lilimaliza, na ikaamuliwa aitwe mgeni rasmi kutoka wilayani. Mgeni rasmi lazima asomewe risala, hilo kila Mtanzania analijua, na risala ina mwendo wake. Unampamba mgeni, unajishusha, unataja shida, unaomba. Anayejisifu katika risala hapewi kitu. Darasa liliitunga kwa siku nyingi, kila mtu akiongeza chake, mimi nikiandika ubaoni. Waliomba barabara na zahanati. Mzee Eliamani alitaka iwemo mwisho wa nchi, wengine wakataka tumesahaulika. Mama Nakiete alishikilia neno mbali. Alilitaka sentensi ya kwanza, alilitaka katikati, na sote tulijua analiombea nani. Pale Ng'ambo huwezi kumwambia mgeni aliyepanda mlima kwamba kwenu ni karibu. Ni kumdharau. Unamwambia umetoka mbali, kwetu huku ni mbali, asante kwa kutukumbuka. Ndivyo walivyonipokea mimi, na ndivyo walivyompokea yeye.

Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonichosha hadi leo, kwamba sina wa kumchukia. Alifika shati limelowa, akanywa maji, akawaamkia wazee shikamoo kwa mikono miwili. Mzee Eliamani akamwambia pole baba, umefika mwisho wa nchi. Wa pili akamwambia huku ni mbali. Wa tatu akamwambia hivyohivyo. Kisha Mama Nakiete akasimama na karatasi, Elibariki mgongoni amelala, akasoma maneno ya kwanza aliyopata kuyasoma mbele ya watu. Sisi wananchi wa Ng'ambo tuko mbali, tuko pembezoni, mgonjwa wetu hufia njiani. Hakukosea hata herufi. Nililia, sioni haya kusema, na wanafunzi wenzake wakapiga vigelegele.

Mgeni rasmi alijibu bila karatasi. Alisema amesikia kwa masikio yake, na ameona kwa miguu yake. Serikali haiwezi kumfuata kila mtu kwenye kilele chake. "Mmesema wenyewe kwamba mko mbali," alisema. "Basi serikali yenu itawasogeza. Maore kuna barabara, kuna zahanati, kuna ardhi. Mtashuka kabla ya mvua." Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi akimaliza kusema hupigiwa makofi. Tukaenda kula. Kuku walikuwa wamechinjwa, ndizi zimeiva vizuri, na ni wakati wa kula, mkono wa mtu mmoja baada ya mwingine ukisimama juu ya sinia, ndipo nilipoona wanaelewa walichokipigia makofi. Mama Nakiete hakula. Alikuwa anatazama migomba yake.

Wiki ile ile tulikwenda Same kulirekebisha jambo hilo, Mzee Eliamani, Mama Nakiete na mimi, nikiwa kama ulimi wao, ingawa wao wenyewe walikuwa na ndimi za kutosha. Ofisi ilikuwa ya moto, mafaili yamewekewa mawe yasipeperushwe na upepo. Bwana yule aliyekuwa mgeni rasmi alituagizia chai. Mzee Eliamani akaeleza kwamba yale ya siku ile yalikuwa heshima, mgeni huambiwa ametoka mbali, hata akitoka nyumba ya tatu. Akaeleza habari ya pembe, kwamba wao wanaisikia, kwa hiyo si watu wa mbali. Bwana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza, kwa upole kabisa, safari ya kuja wameianza lini. Mzee angeweza kusema leo. Alikuwa na nywele nyeupe na hajawahi kumdanganya mtu. "Jana," alisema.

Bwana alifungua mikono yake juu ya meza, kama mtu anayesema mnaona wenyewe. Hapo Mama Nakiete akaweka kikombe chini. "Baba," alisema, "njia ni hiyohiyo moja. Kama mimi niko mbali na wewe, na wewe uko mbali na mimi. Mbona wewe huhamishwi?"

Yule bwana alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka anayesikia jambo la kweli asiloweza kulifanyia kitu, na alimwita "mama yangu", na alitusindikiza hadi mlangoni. Lakini amri ilibaki. Usingeweza kusema Mama Nakiete hakujibiwa. Alijibiwa kwa kicheko na chai ya maziwa, na tangu siku hiyo nimekuwa mzito kucheka mtu mzima anapouliza swali.

Walishuka kabla ya mvua. Waling'oa milango, wakaibeba kichwani, na asubuhi ya mwisho walikwenda kufungua ndiva, wakaacha maji yaende yenyewe bila zamu ya mtu. Mama Nakiete alipalilia kaburi la mwanawe kama anayeandaa shamba, akachomeka masale mapya, akafunga mtoto mgongoni, akatangulia. Hakugeuka nyuma. Mimi nilihamishwa mwaka ulipokwisha. Yule karani wa Same alikuwa amekosea, niliumaliza, ila Ng'ambo haikuumaliza.

Nilimtembelea Mama Nakiete Maore zaidi ya mara moja. Zahanati ilikuwepo kweli. Elibariki aliugua sana utotoni na akapona hapo, na mama yake hakunificha hilo, aliniambia mwenyewe. Ndiyo maana nasema sina wa kumchukia. Lakini katika uwanja wake wote, miaka hiyo yote, hakupanda mgomba hata mmoja. Alilima mahindi, maharage, vitu vya msimu, kama mpangaji. Mwanamke wa Kipare, ndizi akinunua sokoni. Nilipomtania kuhusu hilo, alisema kwamba huku hasikii pembe.

Safari hii bodaboda ilinifikisha hadi kijiji kikubwa, kijana ananihimiza nishike vizuri bibi, nami namwomba Mungu anisamehe yote. Kutoka hapo hakuna njia ya gari hadi leo, na itajengwa ya nini, hakuna watu. Vijana walinishika mikono kushuka korongo, nyuma ya jeneza. Wanakijiji walikuwa wamesimama pande mbili za njia, na tulipopita walisema yale yale: poleni, mmetoka mbali. Tuliitikia, tumeshapoa. Heshima ni heshima. Ng'ambo, nyumba ilikuwa kichuguu chenye majani. Ndiva ilikuwa bonde la magugu. Ila masale yalikuwa yameshika, yamekuwa kichaka kirefu kuliko mtu, na shimo la mama lilikuwa limechimbwa kando yake, udongo bado mbichi.

Elibariki, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, akaniomba nisome wasifu wa marehemu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa mama yake. Binti yake alikuwa ameuandika vizuri, kwa simu, na kuuchapisha Same. Nikavaa miwani. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, nikategemea karatasi inibebe. Marehemu, iliandikwa, alizaliwa katika kitongoji cha mbali, kilichokuwa pembezoni mwa wilaya yetu. Nililiona neno lile kabla sijalifikia. Nikawatazama waliokuja, wa Maore, wa kijiji kikubwa, wajukuu wa Dar es Salaam na viatu vyao vyenye tope, wote wamelizunguka kaburi la Nakiete na la mama yake. Hakuna aliyekuwa pengine.

Nikakunja karatasi. "Mama Nakiete," nilisema, "alizaliwa hapa."

Sauti yangu siku hizi haiendi. Waliokuwa nyuma, upande wa ndiva, waliuliza amesema nini, ikabidi nirudie.

"Hapa," nikasema. "Alizaliwa hapa."